Makuti ya mawe ya Ediakara: walikuwa wanyama, mwani, au ukoo uliokwisha kabisa?

#1 Mwanamiamba_Dom
Salaam wanajukwaa. Naomba tujadili jambo ambalo vitabu vingi hulieleza kana kwamba lilikwisha kuamuliwa. Katika miamba ya Charnwood Forest nchini Uingereza, Mistaken Point katika kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, milima ya Flinders huko Australia Kusini na nyanda za kusini mwa Namibia, kuna visukuku, yaani alama za kale zilizobaki ndani ya mawe, vya viumbe wenye umbo la kuti. Kila mmoja ana mstari wa katikati, matawi pande mbili, na mara nyingi duara la chini lililomshikilia kwenye sakafu ya bahari. Waliishi katika sehemu ya mwisho ya kipindi kinachoitwa Ediakara, kuanzia miaka milioni 574 hivi hadi milioni 539 iliyopita, kabla ya kuanza kwa kipindi cha Kambria.

Anayefahamika zaidi ni Charnia masoni wa Charnwood. Hana mdomo unaoonekana, hana utumbo, hana jicho wala mguu. Dai langu ni kwamba tumemwita mnyama kabla ya kumjua. Nani atanionyesha kitu kimoja ndani ya jiwe lenyewe, si katika mchoro wa msanii, kinachonilazimisha kukubali kwamba alikuwa mnyama?

#2 Bi_Tumbawe
Asante kwa uzi. Mabishano haya yana umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Trevor Ford alipomwelezea Charnia kitaalamu mwaka 1958 alidhani ni mwani. Mwaka uliofuata Martin Glaessner, aliyekuwa akichunguza visukuku vya Australia, akamhusisha na kalamu-bahari, jamaa wa matumbawe laini ambao hadi leo husimama wima kwenye mchanga na matope ya bahari.

Nimewahi kuzishika kalamu-bahari mwenyewe zilipopandishwa na nyavu za utafiti. Shina huzama topeni, na juu yake hupangwa vijinyama vingi vidogo, kila kimoja kikiwa na mdomo wake. Kwa hiyo mtu anayetafuta mdomo mmoja mkubwa katika kiumbe wa namna hii anatafuta kitu ambacho hakikuhitajika kuwapo.

#3 Mkazi_wa_Leicester
Jiwe lenyewe la Charnia liko hapa mjini kwetu, katika jumba la makumbusho. Nililiendea nikitarajia kitu kikubwa kama nilivyozoea kwenye picha, nikakuta kuti la sentimita 20 hivi, ambalo huonekana vizuri taa ikimulika kutoka ubavuni na karibu kupotea ikimulika kutoka mbele.

Niongeze la jina, kwa sababu watu hulisimulia nusunusu. Jina masoni linatokana na Roger Mason, mvulana wa shule aliyeliona mwaka 1957 akiwa na wenzake wakipanda miamba. Lakini mwaka mmoja kabla yake msichana wa miaka 15, Tina Negus, alikwisha kuliona. Alipomweleza mwalimu wake alijibiwa kwamba miamba ya Prekambria, yaani ya kabla ya Kambria, haina visukuku, kwa hiyo alichokiona hakiwezi kuwa kisukuku. Mason mwenyewe hajawahi kuficha kwamba wengine walimtangulia. Baba yake alifahamiana na Ford, na njia hiyo ndiyo iliyomfikisha mtaalamu kwenye jiwe.

#4 Kijana_wa_Form_Six
Kwa hiyo mwalimu alikuwa na jibu, na jiwe likawa na jibu jingine. Mkuu #3, tafadhali usiwaonyeshe wanafunzi wangu wa baadaye ujumbe huu.

Swali la kweli: Charnia ndiye wa kwanza kabisa kugunduliwa katika miamba ya umri huo?

#5 Mzee_wa_Kokoto
Hapana, kijana. Waafrika wa mawe walitangulia. Mwaka 1908, Namibia ikiwa bado koloni la Wajerumani, wanajiolojia Paul Range na Schneiderhöhn waliokota visukuku vya umbo hili karibu na Aus. Georg Gürich aliviandika mwaka 1930 na kumpa mmoja wao jina Rangea schneiderhoehni, akiwaunganisha wote wawili katika jina moja. Hiyo ni miaka 28 kabla ya makala ya Ford.

#6 Nukta_na_Mkato
Mzee wangu, kwa heshima, hata Namibia haikuwa ya kwanza. Aspidella terranovica wa Newfoundland aliandikwa na Elkanah Billings mwaka 1872. Ni viduara tu, na kwa muda mrefu watu walivitilia shaka wakasema ni mapovu ya gesi au maumbo yaliyojitengeneza ndani ya mwamba. Leo wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya viduara hivyo ni nanga za viumbe wa umbo la kuti ambao sehemu yao ya juu haikuhifadhiwa.

#7 Mzee_wa_Kokoto
Nimeuliziwa kuti, nikajibu kuti. Wewe unaniletea kisigino chake.

Hata hivyo kuna jambo kubwa kuliko nani alitangulia. Visukuku vya Namibia vilipopatikana hakuna aliyekuwa na hakika ya umri wa miamba yake. Reg Sprigg alipokuta alama kwenye vilima vya Ediacara, Australia Kusini, mwaka 1946, akikagua migodi iliyoachwa, naye alizidhania za mwanzo wa Kambria, na akaona ni za mayavuyavu. Uzito wa Charnwood ni kwamba wanajiolojia walikwisha kukubaliana kuwa miamba ile ni ya Prekambria. Kuti lilipoonekana humo, hapakuwa na mlango wa kutokea. Ndiyo maana 1958 inahesabiwa kuwa mwaka wa mageuzi ingawa mawe ya Afrika yalikuwa kabatini tangu zamani.

#8 Kuvu_na_Mwani
Naona mmeshagawana kati ya mnyama na mwani na kusahau njia ya tatu. Gregory Retallack alipendekeza mwaka 1994 kwamba visukuku vya Ediakara vilikuwa likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Hoja yake ya kwanza ni ya kimakanika: miili hii iligandamizwa chini ya mchanga mzito bila kubanwa ikawa karatasi kama inavyobanwa nyama laini ya yavuyavu. Mwaka 2012 alikwenda mbali zaidi katika jarida la Nature, akidai kwamba baadhi ya tabaka za Australia Kusini ni udongo wa kale wa nchi kavu na si sakafu ya bahari.

Likeni haina mdomo, haina utumbo, na hukua ikiwa imeshikamana mahali pamoja. Mwenye uzi alidai aonyeshwe kilicho ndani ya jiwe. Ugumu wa mwili huo umo ndani ya jiwe.

#9 Bi_Tumbawe
Ndugu Kuvu, Retallack ni msomi wa udongo wa kale na hoja zake hazistahili kuchekwa, lakini tazama Mistaken Point. Pale tabaka ziliwekwa na mikondo ya matope iliyoporomoka kwenye mteremko wa bahari, moja baada ya nyingine, na hakuna viwimbi vinavyoachwa na mawimbi ya juu. Watafiti wengi wanasoma hali hiyo kuwa ni bahari ya kina kikubwa, chini kabisa ya pale mwanga wa jua unapofika. Likeni inamhitaji mwani wake, na mwani wake anahitaji jua. Kwa hoja hiyohiyo dhana ya kwanza ya Ford nayo inaanguka. Pale gizani hakuna usanisinuru.

#10 Kuvu_na_Mwani
Retallack aliipinga tafsiri hiyo ya Newfoundland mwaka 2014, akisema wanajiolojia wamekosea kuhusu kina. Najua wengi hawakukubaliana naye. Lakini wingi wa wapinzani si kipimo cha kina cha bahari.

#11 Nukta_na_Mkato
Kukosekana kwa viwimbi vya mawimbi ndicho kipimo, na kilitajwa hapo juu katika #9.

#12 Mwanamiamba_Dom
Nawashukuru nyote, mmenisaidia kuwaondoa mwani na likeni angalau kwa Newfoundland. Sasa nirudi kwa Bi Tumbawe na kalamu-bahari zake, kwa sababu hapo ndipo mwenye hoja ya mnyama alipojiegemeza.

Mwaka 2007 Jonathan Antcliffe na Martin Brasier walilinganisha ukuaji wa viumbe hawa wawili. Kalamu-bahari huongeza matawi mapya chini, karibu na shina, na yale ya zamani husukumwa juu. Charnia alifanya kinyume: matawi madogo kabisa yako kileleni, kama mnazi unavyotoa makuti mapya juu. Zaidi ya hapo, matawi ya kalamu-bahari yameachana ili maji yapite katikati, ilhali ya Charnia yameungana kama kipande kimoja. Mfanano wa umbo ulibaki, ukoo ukaondoka.

Mimi nasema Adolf Seilacher alikuwa karibu zaidi na ukweli. Katika miaka ya 1980 na 1990 alipendekeza kwamba viumbe hawa ni tawi la peke yake la uhai, akaliita Vendobionta. Aliwaona kama mifuko iliyoshonwa kwa vyumbavyumba kama godoro la kupulizwa, jaribio la maumbile lililoshindwa na kutoacha mjukuu.

#13 Bi_Tumbawe
Sijajiegemeza popote, kaka. Uliuliza kuhusu mdomo, nikakujibu kuhusu mdomo. Kalamu-bahari zilikuwa mfano wa mnyama asiye na mdomo mmoja mkubwa, na mfano huo bado unasimama hata kama Charnia si jamaa yake.

Kuhusu Seilacher, kusema kwamba kiumbe ni wa ukoo wa peke yake ni kukubali kwamba hatujampatia jamaa, na si ushahidi kwamba jamaa hayupo.

#14 Kijana_wa_Form_Six
Samahani kwa kuingilia wakubwa. Kama hakuwa na mdomo na hakupata jua, alikula nini?

#15 Fundi_Maabara_Mwanza
Hapa kuna jibu ambalo mimi hulipenda kwa sababu linaweza kukokotolewa. Jamaa za Charnia, ambao huitwa rangeomofi, wana matawi yanayorudia umbo lilelile: tawi lina vitawi vya sura yake, na kila kitawi kina vingine vya sura yake, hadi ngazi tatu au nne. Hayo yalionekana wazi zaidi Guy Narbonne alipoeleza mwaka 2004 visukuku vya Spaniard's Bay, Newfoundland, ambavyo vimehifadhi vitawi kwa undani wa chini ya milimita.

Umbo la namna hiyo huongeza eneo la ngozi bila kuongeza ujazo mwingi wa mwili. Marc Laflamme, Shuhai Xiao na Michał Kowalewski walionyesha mwaka 2009 kwamba uwiano huo ungeweza kumruhusu kiumbe mkubwa kufyonza chakula kilichoyeyuka majini moja kwa moja kupitia ngozi, jinsi bakteria wafanyavyo. Kwa hesabu hiyo mwili mzima ni mdomo. Nafanya kazi na vimelea vya maji, na naweza kusema kwamba kufyonza si jambo geni hata kidogo. Kilicho kigeni ni kiumbe wa urefu wa mkono, na wengine hata zaidi ya mita moja, kutegemea njia hiyo peke yake.

#16 Nukta_na_Mkato
Hesabu inaonyesha kinachowezekana. Haionyeshi kilichotokea. Umbo lilelile lenye vitawi vingi lingefaa pia kuchuja vijipande vya chakula kutoka kwenye mkondo wa maji, na kuvuta oksijeni, ambayo ilikuwa haba katika bahari ya wakati huo. Donald Canfield na wenzake walieleza mwaka 2007 kwamba vilindi vya Newfoundland vilianza kupata oksijeni muda mfupi kabla ya makuti kutokea. Huenda sura ile ni ya mapafu kuliko ya tumbo.

#17 Fundi_Maabara_Mwanza
Au ya vyote viwili. Ngozi moja haikatazwi kufanya kazi mbili.

#18 Asali_ya_Tabora
Nimefuatilia kimya hadi hapa. Nashangaa hakuna aliyetaja kwamba jambo hili lilikwisha kumalizwa mwaka 2018, kolesteroli ilipopatikana ndani ya kisukuku cha Ediakara. Kolesteroli ni alama ya mnyama. Tufunge uzi.

#19 Mzee_wa_Kokoto
Tusiufunge bado. Kazi hiyo ya Ilya Bobrovskiy na wenzake ilimhusu Dickinsonia, kiumbe bapa wa umbo la yai aliyetoka pwani ya Bahari Nyeupe nchini Urusi. Dickinsonia hakusimama, hakuwa na shina, na kuna alama zinazoonyesha kwamba alihama kutoka mahali hadi mahali. Kumthibitisha yeye kuwa mnyama hakumthibitishi Charnia, kwa sababu kuishi zama moja hakuwafanyi watu kuwa ndugu.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo limenisumbua tangu ujumbe wa kwanza. Tunasema makuti kana kwamba ni kabila moja. Niliwahi kufanya kazi za kuchimba visima kusini mwa Namibia, na mwenyeji mmoja akanipeleka kuona mawe ya nchi ile. Rangea, anayefanana na kuti akilala ubavu, katika visukuku vilivyohifadhiwa kwa ujazo wake wote ana mabawa sita yaliyozunguka mhimili mmoja. Pteridinium wa nchi hiyohiyo ana mabawa matatu, na Dmitri Grazhdankin pamoja na Seilacher walidai mwaka 2002 kwamba aliishi akiwa amezama mchangani. Ernietta ni kama kifuko kilichofukiwa nusu. Halafu yuko Arborea wa Australia, ambaye matawi yake yamepangwa kwenye shina kwa namna isiyo ya rangeomofi kabisa. Ukiniuliza walikuwa nini, nitakuuliza kwanza unamzungumzia yupi.

#20 Mwanamiamba_Dom
Hoja nzito, Mzee, na inanipa nguvu. Kama kusimama na kupanua matawi kulikuwa na faida katika maji yale, koo tofauti zingeweza kufikia umbo lilelile kila moja kwa njia yake. Basi umbo haliwezi kututhibitishia uanyama wa yeyote.

#21 Mkazi_wa_Leicester
Ila ukuaji unaweza, na mkuu Mwanamiamba aliutumia mwenyewe katika #12 alipokuwa anaondoa kalamu-bahari. Mwaka 2021 Frances Dunn na wenzake waliufuatilia ukuaji wa Charnia tawi kwa tawi katika vielelezo vya ukubwa tofauti. Waliona mpangilio wa mwili unaotawaliwa tangu mwanzo hadi mwisho, wakahitimisha kwamba anakaa kwenye shina la ukoo wa wanyama, baada ya sifongo kujitenga na kabla ya ukoo wa matumbawe kugawanyika na ule wa wanyama ambao mwili wao una pande mbili zinazolingana. Hiyo haimfanyi kuwa kalamu-bahari. Inamfanya kuwa binamu wa mbali wa kalamu-bahari, wa mdudu na wa kwetu sote kwa pamoja.

Charnwood hiyohiyo ilitoa jambo jingine mwaka 2022. Auroralumina attenboroughii, mwenye vikombe viwili na minyiri, alitangazwa kuwa wa ukoo wa matumbawe na mayavuyavu, na miamba yake ina umri wa miaka milioni 557 hadi 562. Kama jamaa wa matumbawe alikuwapo jirani na Charnia, basi wanyama walikwisha kuwapo katika bahari ileile, na si ajabu kuti nalo kuwa mnyama.

#22 Nukta_na_Mkato
Kuwa jirani wa mnyama si kuwa mnyama. Mzee ametoka kulisema hilo kuhusu Dickinsonia. Hoja ya ukuaji ndiyo yenye uzito. Hoja ya jirani iache.

#23 Bi_Tumbawe
Kuna ushahidi mwingine ambao uko ndani ya jiwe, kama mwenye uzi alivyotaka, nao ni jinsi viumbe wenyewe walivyokaa. Mistaken Point ina uzuri huu: majivu ya volkano yaliwafunika wakiwa palepale walipoishi, kwa hiyo uso mmoja wa mwamba ni jamii nzima mahali pake. Zirkoni, yaani chembe za fuwele zilizomo ndani ya majivu hayo, hupimwa umri kwa madini ya urani na ya risasi yaliyomo ndani yake, na uso ule maarufu unapata miaka milioni 565. Wageni huvua viatu kabla ya kuukanyaga.

Emily Mitchell na wenzake walipima mwaka 2015 mahali alipo kila Fractofusus katika nyuso za namna hiyo. Wakubwa wametawanyika ovyo, wa kati wamekusanyika kuwazunguka wakubwa, na wadogo kuwazunguka wa kati. Tafsiri yao ni kwamba wazazi wa kwanza walifika kwa maji kama mbegu au viluwiluwi, kisha wakazaliana kwa vikonyo vinavyotambaa. Mwaka 2020 Alexander Liu na Dunn wakaeleza nyuzi nyembamba zilizohifadhiwa katikati ya makuti, nyingine zikifika urefu wa mita nne.

Na kwa kuwa tumefika kwa Fractofusus, jina lake kamili ni Fractofusus misrai, kwa heshima ya Shiva Balak Misra, mwanafunzi kutoka India aliyegundua visukuku vya Mistaken Point mwaka 1967 alipokuwa akichora ramani ya miamba. Eneo hilo liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2016.

#24 Kuvu_na_Mwani
Nyuzi za mita nne zinazounganisha viumbe! Bi Tumbawe, umenipikia chakula changu mwenyewe. Ni nani duniani anayejulikana kwa kutandaza nyuzi na kuchipua kutoka kwenye nyuzi hizo? Kuvu. Nawaachia hoja ya mwani na jua, chukueni. Ila kuvu hahitaji jua, hufyonza chakula kwa ngozi kama Fundi alivyoeleza katika #15, na hana mdomo.

#25 Bi_Tumbawe
Matumbawe nayo hutoa vikonyo na kuchipua, ndugu yangu, kwa hiyo uzi peke yake hauchagui upande. Na kuvu unayemtaja atakulazimu ueleze mpangilio wa tawi kwa tawi wa #21, kuanzia kuti dogo hadi kubwa, bila kuparaganyika.

#26 Asali_ya_Tabora
Kabla hamjamzika kuvu, walikwenda wapi wote? Wanafutika kabisa inapoanza Kambria.

#27 Mzee_wa_Kokoto
Majibu ni mengi. Wapo wasemao walitafunwa na wanyama wapya, wapo wasemao sakafu ya bahari ilifukuliwa na wachimbaji mashimo hadi nanga zikakosa pa kushika, na wapo wanaotaja mabadiliko ya oksijeni. Lipo pia jibu la kuudhi zaidi: utando wa vijiumbe uliokuwa umetanda chini ya bahari na kusaidia kuhifadhi miili laini uliliwa na kuvurugwa, kwa hiyo makuti huenda yaliendelea kuishi kwa muda bila kuacha alama. Jennifer Hoyal Cuthill na Jian Han walidai mwaka 2018 kwamba Stromatoveris wa Chengjiang, China, ambaye ni wa Kambria kabisa, ni wa ukoo huohuo, na kwamba ukoo wenyewe ni wa wanyama. Wengine hawajaridhika na ulinganisho huo.

#28 Mwanamiamba_Dom
Basi niseme kitakachoniridhisha mimi. Nataka kolesteroli, au kukosekana kwake, kutoka kwenye kuti lenyewe na si kwa jirani. Lipimwe hilo, nami nitatii matokeo.

#29 Mzee_wa_Kokoto
Usingoje hilo kutoka Newfoundland wala Charnwood. Miamba ile ilipikwa na kubanwa katika historia yake hadi molekuli za namna hiyo zikaharibika. Bahari Nyeupe ndiyo iliyobaki baridi kiasi cha kumhifadhi Dickinsonia, na Charnia amepatikana huko pia. Tatizo ni kwamba kuti lililofunikwa na mchanga mara nyingi huacha sura tu bila utando wa mwili wa kupeleka maabara.

#30 Fundi_Maabara_Mwanza
Ongeza Siberia ya kaskazini, katika tabaka za Khatyspyt kwenye eneo la mto Olenek. Huko Charnia yumo ndani ya chokaa, si mchanga wala majivu. Mwenye kupata kipande chenye utando mweusi juu ya matawi asikioshe kwa sabuni wala asikishike kwa mikono mitupu, kwa sababu mafuta ya vidole vyake nayo yana kolesteroli.